Mafahali wawili katika zizi moja: kisa cha Adelaide Oval

Uwanja ninaouzungumzia uko Adelaide, makao makuu ya jimbo la Australia Kusini. Ulijengwa upya kati ya 2012 na 2014, ili kriketi na futiboli ya Kiaustralia ziutumie kwa pamoja. Jina lake siwezi kulificha, kwa sababu hakuna mpenzi wa kriketi asiyeujua, ila watu nitawataja kwa vyeo vyao tu. Fedha zote ni dola za Australia. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wanaosimamia viwanja, wahandisi na viongozi wa vyama vya michezo. Asiyejua kriketi asihofu, maana yale ya lazima nitayaeleza yakifika mahali pake.

Usuli

Adelaide ni jiji lililopimwa kabla ya kukaliwa. Mpimaji wake aliuchora mji mwaka 1837 na kuuzungushia mkanda wa bustani za umma, na mkanda huo upo hadi leo. Adelaide Oval umo ndani yake, ng'ambo ya Mto Torrens, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni. Hilo ndilo lililoupa uwanja bahati yake na ugumu wake. Uko karibu na kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu anajiona ana haki ya kuusemea.

Chama cha kriketi cha jimbo kilianzishwa 1871, na mechi ya kwanza ya Test, yaani ile ya kimataifa inayochezwa kwa siku tano, ilifanyika hapo 1884. Mwaka 1933, katika mfululizo ule mchungu ambapo Waingereza walirusha mipira kuelekea miili ya wapigaji wa Australia, watazamaji 50,962 walijazana siku moja. Upande wa kaskazini kuna kilima cha nyasi ambako watu huketi chini na vikapu vyao. Juu yake upo ubao wa matokeo wa 1911, unaoendeshwa kwa mikono na watu walio ndani yake, kisha mitini mikubwa, na nyuma ya mitini minara ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Ukimwuliza mwenyeji uwanja wake una nini, atakutajia hivyo vinne kabla hajataja mchezaji yeyote.

Kujenga chochote hapo ni kutafuta ugomvi. Taa za usiku zilipoletwa 1997, mabishano na halmashauri ya jiji yalikuwa marefu hadi ikakubaliwa minara ijikunje na kuzama ardhini mechi ikiisha, isiharibu mandhari. Mnara mmoja ukaanguka. Baadaye ikasimamishwa minara ya kawaida, na mandhari yakaendelea kuwapo. Nakitaja kisa hiki kidogo kwa sababu kila aliyekaa mezani mwaka 2009 kujadili ujenzi mpya alikuwa anakikumbuka.

Ugomvi wa zamani

Huko Australia kriketi ni mchezo wa majira ya joto. Majira ya baridi ni ya futiboli ya Kiaustralia, ile ya wachezaji 18 kila upande na mpira wenye umbo la yai. Kwa karibu miaka mia moja michezo yote miwili ilitumia Adelaide Oval, kriketi ikiwa mwenye nyumba na futiboli mpangaji. Shida ni kwamba mpangaji ndiye aliyekuwa analeta watu. Rekodi ya uwanja huo, watazamaji 62,543, iliwekwa 1965 kwenye fainali ya ligi ya futiboli ya jimbo. Mpangaji anayejaza nyumba hivyo hakawii kuuliza kwa nini mlango na mapato viko mikononi mwa mwingine.

Hawakuelewana. Ligi ya futiboli ikahamia West Lakes, kaskazini magharibi mwa jiji, ikajenga uwanja wake wenyewe na kuanza kuchezea huko 1974. Tangu hapo vyama hivyo viwili viliishi kama wanandoa walioachana, kila mmoja na nyumba yake, na kila nyumba ikikaa tupu nusu mwaka.

Kufikia 2009 wote wawili walikuwa wameshikwa pabaya. West Lakes hakukuwa na treni, na kutoka uwanjani baada ya mechi kulikuwa ni foleni ya magari tu. Majukwaa yalikuwa yamezeeka na mashabiki wanapungua, hata klabu moja kati ya mbili za Adelaide zinazocheza ligi ya taifa ikafikia kufunika viti vitupu kwa maturubai. Chama cha kriketi nacho kilikuwa kimebomoa majukwaa matatu ya zamani upande wa magharibi na kujenga moja jipya la viti 14,000, tayari kwa ziara ya timu ya Uingereza ya Desemba 2010. Jukwaa lilipendeza, ila liliacha deni la takriban milioni 85. Chama chenye siku chache za mapato makubwa kwa mwaka kitalipaje deni kama hilo?

Msomaji wa Dar es Salaam ataniambia kwamba Simba na Yanga wamekuwa wakitumia Uwanja wa Mkapa miaka nenda rudi na hakuna aliyekufa. Ni kweli. Lakini pale mwenye nyumba ni Serikali na mchezo ni ule ule mmoja, na nyasi zinazomfaa huyu zinamfaa yule. Kwa Adelaide hata udongo wenyewe ulikuwa unagombaniwa, kama tutakavyoona.

Mambo yalivyokwenda

Tarehe 2 Desemba 2009 kiongozi wa serikali ya jimbo alitangaza kwamba futiboli inarudi mjini, na kwamba serikali itatoa milioni 450 kuujenga upya Adelaide Oval. Uchaguzi ulikuwa Machi 2010, miezi mitatu tu mbele. Upinzani ulikuwa na mpango mwingine, wa kujenga uwanja mpya wenye paa kwenye karakana ya reli kando ya mto, na serikali ilitaka eneo hilo hilo kwa ajili ya hospitali kuu. Kwa hiyo wapiga kura walikuwa wakichagua uwanja na hospitali kwa pamoja. Serikali ilirudi madarakani, na leo hospitali ndiyo iliyosimama pale.

Baada ya uchaguzi hesabu ilifika milioni 535, ndani yake mkiwa na zile 85 za deni la kriketi. Serikali ikaweka dari kwamba hapo haitaongeza hata senti.

Kilichofuata kilikuwa kura, na hapo ndipo mradi ungeweza kufa. Kuachia mamlaka juu ya uwanja kulihitaji idhini ya wanachama wa chama cha kriketi, na kizingiti kilikuwa asilimia 75. Yaani robo tu ya wapiga kura, pamoja na mmoja wa ziada, wangetosha kuuzuia mradi wa serikali nzima. Wengi wa wanachama hao walikuwa wazee waliorithi kiti cha baba na babu, watu wanaoweza kukuonyesha mahali walipokuwa wameketi siku fulani ya mwaka 1960 na kitu. Hofu yao ilieleweka. Walikuwa wanaambiwa wamfungulie mlango yule yule aliyeondoka kwa hasira 1974, na safari hii wampe na ufunguo.

Mezani waliwekewa vitu vinavyoshikika. Deni lao lingefutwa. Upande wa kaskazini, pamoja na kilima, ubao na miti, usingeguswa. Uwanja ungeendeshwa na kampuni moja ya pamoja yenye wakurugenzi wanane, wanne wa kriketi na wanne wa futiboli. Usiku wa 2 Mei 2011 kura zilihesabiwa, na waliokubali walikuwa asilimia 80.37.

Mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria maalumu ya mradi. Ardhi ilibaki kuwa bustani ya umma, na kampuni ya pamoja ikapewa upangaji unaoweza kufika miaka 80. Septemba ilichezwa mechi moja ya ligi ya taifa ya futiboli kwenye uwanja wa zamani, jukwaa jipya la magharibi likitumika, ili watu waonje. Aprili 2012 mitambo ikaingia.

Maamuzi, na kwa nini

*Kujenga bila kufunga.* Mjenzi angependa apewe uwanja mtupu kwa miaka miwili, na hapa hilo halikuwezekana. Kriketi haikuwa na pa kwenda, na ziara ya Uingereza ya Desemba 2013 ilikuwa imeshapangwa. Kwa hiyo kazi ilikatwa vipande kufuata kalenda ya mechi, na Test ile ilichezwa huku sehemu ya uwanja bado ikiwa eneo la ujenzi. Gharama yake ni usumbufu kwa kila mtu. Faida ni kwamba mazoea ya watu kwenda uwanjani hayakukatika, na mazoea hayo yakikatika kuyarudisha ni kazi kuliko kumwaga zege.

*Kuacha upande mmoja wazi.* Majukwaa mapya yalizunguka pande tatu: takriban viti 19,000 mashariki na 14,000 kusini, pamoja na 14,000 vilivyokuwapo magharibi. Kaskazini paliachwa. Uwanja ukapata umbo la kiatu cha farasi na uwezo wa watu kama 53,500. Wangeziba na upande ule wangepata viti maelfu zaidi, na mhasibu yeyote angewashauri hivyo. Nadhani ndio uamuzi bora kuliko yote katika mradi huu. Uligharimu viti, ukanunua kura, na bila kura hakuna ambacho kingejengwa. Tena picha inayoonyeshwa na kila kamera ya televisheni mechi ikianza, yaani ubao, mitini na minara ya kanisa, haijengeki kwa fedha yoyote.

*Kubomoa vilivyo vipya.* Kitu kimoja hakikusemwa sana kwenye hotuba. Ili mpango mpya ukae, yalibomolewa majukwaa yaliyofunguliwa 2003, hayajamaliza hata miaka kumi, na jingine la 1990 lililokuwa na jina la mpigaji mkubwa kuliko wote katika historia ya kriketi. Kitaalamu ilikuwa sawa, maana vipande vilivyojengwa kimoja kimoja kwa nyakati tofauti havikuweza kuungana. Lakini hasara ni hasara, nami nitairudia.

*Pichi.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa kisa ulipo.

Katika kriketi mrushaji huudundisha mpira chini kabla haujamfikia mpigaji. Kwa hiyo ardhi ile ni mchezaji wa ishirini na tatu. Ukanda unaoitwa pichi una urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05, umetengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa magurudumu mazito na kushikiliwa na mizizi ya nyasi. Siku ya kwanza unakuwa mgumu kama sakafu. Kufikia siku ya tano umekauka, umepasuka, na mpira unaanza kukata kona. Kila uwanja una tabia yake, na ya Adelaide ilijulikana: inampendelea mpigaji mwanzoni, kisha inamsaidia mrushaji wa mipira ya kuzunguka mwishoni.

Sasa mwingize mwanafutiboli wa majira ya baridi katikati ya uwanja huo. Mvua ikinyesha mfinyanzi unakuwa tope, ikikatika unakuwa jiwe. Anaruka kudaka mpira na kuangukia bega. Na akiondoka, njumu zake zimemwachia mtunza uwanja kidonda cha kuuguza miezi miwili. Zamani watu walivumilia. Ligi ya taifa yenye wachezaji wanaolipwa mamilioni haikuwa tayari kuvumilia, na ikaweka hilo kuwa sharti.

Jibu lilikuwa pichi za kupachika. Pichi inaoteshwa ndani ya trei kubwa la chuma, ikiwa na mfinyanzi wake na nyasi zake, pembeni ya uwanja. Futiboli ikimaliza msimu, katikati ya uwanja panafukuliwa, na gari maalumu linaleta pichi nzima yenye uzito wa zaidi ya tani 20 na kuitelemsha shimoni hadi ilingane na nyasi za jirani. Kriketi ikiisha pichi inatolewa na nyasi za kawaida zinarudishwa. Wazo lilizaliwa Australia hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, pale ligi ya kriketi ya binafsi iliyofungiwa milango ya viwanja vikubwa ilipolazimika kuotesha pichi zake na kuzihamishia kwenye viwanja vya futiboli. Melbourne walikuwa wakizitumia tangu 1996.

Wapenzi wa kriketi walizichukia. Walisema pichi iliyofungiwa kwenye chuma haipumui na haipasuki, siku ya tano inafanana na ya kwanza, na mechi zinaishia sare. Lawama hizo hazikuwa za uongo, kwani Melbourne kwenyewe zilikuwa zikisikika. Adelaide walikuwa na faida moja ambayo hainunuliki dukani, nayo ni kwamba mtunza uwanja aliyeijua pichi ya zamani ndiye aliyepewa mpya. Hakuletwa mkandarasi wa kuondoka na cheti baada ya makabidhiano.

*Njia ya kufika.* Bustani za umma hazikuruhusu maegesho kama ya West Lakes, na hiyo ikageuka neema. Serikali ilijenga daraja la waenda kwa miguu juu ya Torrens, kwa takriban milioni 40 nje ya bajeti ya uwanja, likafunguliwa Machi 2014. Mtu anashuka kwenye treni, anavuka mto, anaingia. Tiketi ya futiboli ikawa ndiyo nauli ya basi na treni siku ya mechi.

Matokeo

Test ya kwanza juu ya pichi ya kupachika ilikuwa dhidi ya Uingereza, Desemba 2013. Siku ya kwanza ilikwenda polepole na wenye shaka wakaanza kutikisa vichwa. Halafu mrushaji wa kasi wa Australia akachukua wiketi 7, yaani akawatoa wapigaji saba, kwa mikimbio 40 tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi), Uingereza ikatolewa kwa 172, na Australia ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 218. Waliobaki na shaka wakasema sawa, kasi tumeiona, lakini pichi hii haitamsaidia mzungushaji. Desemba iliyofuata, dhidi ya India, mzungushaji wa Australia akachukua wiketi 12 katika mechi moja, mshindi akipatikana siku ya tano jioni. Mzungushaji huyo, kwa taarifa yako, aliwahi kuwa mfanyakazi wa kutunza nyasi kwenye uwanja huo huo.

Futiboli ilirudi rasmi Machi 29, 2014, klabu mbili za jiji zikikutana mbele ya watu zaidi ya 50,000. Ile iliyokuwa ikifunika viti kwa maturubai ikapata wastani wa zaidi ya 40,000 msimu huo. Uwanja wa West Lakes ulibomolewa kati ya 2018 na 2019, na ardhi yake ikawa mtaa wa makazi.

Tunda ambalo hakuna aliyelipanga ni mechi ya Novemba 27, 2015, Australia na New Zealand. Ilikuwa Test ya kwanza duniani kuchezwa mchana hadi usiku kwa mpira wa rangi ya waridi, kwa sababu mwekundu hauonekani vizuri chini ya taa. Mpira wa waridi hupoteza rangi upesi ukisuguliwa na ardhi kavu. Adelaide waliweza kuacha nyasi ndefu kidogo kwenye pichi na mazingira laini kuizunguka, mpira ukadumu. Kwa upande mwingine, nyasi zile ziliwatesa wapigaji: hakuna timu iliyofika mikimbio 250, na mechi iliisha siku ya tatu. Wako waliolalamika kwamba hiyo si kriketi. Lakini watu 123,736 waliingia uwanjani kwa siku hizo tatu, wengi wakija jioni baada ya kazi, wakivuka lile daraja. Mwaka 2017, siku ya kwanza dhidi ya Uingereza, waliingia 55,317, na ile rekodi ya kriketi ya 1933 ikavunjwa.

Uchambuzi: kilichofaa

Makubaliano yalitangulia zege. Ukisoma ratiba utaona kwamba kuanzia tangazo hadi mtambo wa kwanza kuingia ni zaidi ya miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda kwenye michoro. Ilikwenda kwenye swali la nani anashika ufunguo. Magazeti yaliita hilo kuchelewa. Mimi naliona ndilo lililoharakisha yaliyofuata, kwa sababu kazi ilipoanza hakuna chama kilichokuwa na sababu ya kwenda mahakamani.

Kizingiti cha asilimia 75 nacho, ambacho wanasiasa walikiona kero, kiliwafanyia kazi nzuri. Kama ingetosha nusu, wangeahidi kidogo. Kwa kuwa robo ilitosha kuwaangusha, ilibidi wamsikilize hata yule mzee anayependa mti wake. Kilima kilipona kwa hesabu hiyo ya kura, naamini, kuliko kwa ladha ya wasanifu.

Wanne kwa wanne ni muundo ambao kwenye karatasi unakaribisha mkwamo, kwani hakuna wa kuamua kura zikigongana. Umefanya kazi kwa sababu wote wawili walikuwa wamechoka na hawakuwa na nyumba ya pili ya kukimbilia. Kwa vyama vyenye nguvu na fedha nisingeupendekeza bila mwamuzi wa tatu.

Na pichi. Miradi mingi ya viwanja huanza na majukwaa na kumalizia na ardhi, mtunza uwanja akiitwa wiki za mwisho kupanda nyasi juu ya kifusi. Hapa ardhi ilikuwa sharti la mkataba tangu mwanzo.

Uchambuzi: kilichokwama

Namba ya kwanza ilitajwa kabla ya michoro. Milioni 450 ilikuwa namba ya uchaguzi, na mwaka mzima uliofuata ulitumika kuielezea kwa wananchi, badala ya kuelezea uwanja. Lile dari la 535 lilisaidia kuzuia tamaa, ila ni dari lililowekwa baada ya nyumba kuanza kuvuja.

Ubomoaji wa majukwaa ya 2003 ulitokana na ugonjwa wa miaka mingi wa kujenga kipande kila fedha inapopatikana bila kuwa na ramani ya uwanja mzima. Hata jukwaa la magharibi la 2010 lingeweza kuishia hivyo hivyo. Ujenzi wake ulianza kabla ya tangazo la Desemba 2009, na ulikaa sawa na mpango mpya kwa bahati. Bahati ile iliokoa mamilioni, lakini hakuna aliyestahili sifa kwa hilo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mezani. Waliogawana mamlaka ni chama cha kriketi na ligi ya jimbo. Klabu mbili za futiboli, ambazo ndizo zilizokuwa zinaleta watu 40,000 na 50,000 kila wiki, hazikuwa miongoni mwa wale wanane. Msimu wa kwanza haujaisha zikaanza kulalamika kwamba uwanja umejaa na mfuko wao haujajaa, kwani kilichobaki baada ya makato kilikuwa pungufu kuliko walivyotarajia. Ilibidi mgawo ujadiliwe upya, ligi ya taifa ikiingia kati. Angalia mzunguko ulivyo: 1974 futiboli iliondoka kwa sababu mleta watu hakuwa na sauti, na miaka 40 baadaye mleta watu mwingine akaachwa nje ya mlango ule ule. Walikuwa wamemaliza ugomvi wa baba zao na kusahau kuwauliza watoto.

Mwisho ni hoteli. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kampuni ya uwanja itajenga hoteli ya vyumba 138 ubavuni mwa majukwaa ya mashariki, kwa mkopo wa serikali wa milioni 42. Ilifunguliwa Septemba 2020, katikati ya janga la korona. Wenye hoteli za mjini walilalamikia ushindani unaofadhiliwa na umma, lakini mimi nawafikiria zaidi wale wachache waliopinga 2011, kundi lisilofika asilimia 20. Hoja yao haikuwa kriketi. Walisema ukishakabidhi bustani ya umma kwa kampuni, itamegwa kidogo kidogo, leo jukwaa, kesho duka, keshokutwa nyumba ya wageni. Wakati ule waliitwa wazee wasiopenda maendeleo. Hoteli yenyewe haikugusa kilima, imekaa ndani ya mipaka ya uwanja, na pengine inalipa. Lakini mipaka ya matumizi ya kibiashara ilipaswa kuandikwa kwa wino mzito kama ule uliotumika kuulinda upande wa kaskazini, na haikuandikwa hivyo.